Bi Ngoja na Mgonjwa Aliyekataa Uji

Mwaka ulipokaribia kuisha, wataalamu wa tiba ya usemi walikusanyika katika ukumbi wa chuo kimoja kuelezana mafanikio yao. Mimi si mtaalamu wa usemi, ingawa wanaonifahamu watakuambia usemi sijapungukiwa. Nilialikwa tu, nikajichagulia kiti safu ya nyuma, karibu na meza ya chai, mahali anapokaa mtu mwenye akili zake. Wakasimama mmoja mmoja. Huyu amefungua kliniki ya pili. Yule amewafundisha wauguzi wa hospitali nzima namna ya kumlisha mgonjwa bila chakula kumpalia. Mwingine amepata mashine inayoonyesha jinsi tonge linavyopita kooni, na picha zake zilipowekwa ukutani niliiweka chai yangu chini kwanza. Kila mmoja alipigiwa makofi ya haja.

Ndipo akasimama mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akasafisha koo, akasema, "Mafanikio yangu makubwa mwaka huu ni kwamba mgonjwa wangu mmoja amekataa uji."

Ukumbi ukacheka. Nadhani walifikiri ni utani wa kufungulia hotuba. Mimi nilishindwa kucheka, maana uji wenyewe ulikuwa wangu.

Mgonjwa huyo ni mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kuzaliwa. Ni fundi wa kutengeneza cherehani, na mimi ni mshonaji, kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa nikiharibu na yeye akitengeneza. Mwanzoni mwa mwaka alianguka akiwa kazini, bisibisi mkononi. Kiharusi. Madaktari walimwokoa, Mungu awabariki, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakapotea. Mtu aliyekuwa akibishana na wateja kutwa nzima juu ya aina ya mafuta ya kutia kwenye mashine alirudi nyumbani kimya kama maji ya mtungini.

Tulichobaki nacho ni kichwa. Ukimuuliza jambo, anaitikia kwa kichwa. Tulifurahi sana. Kila asubuhi nilivuka barabara na bakuli langu, nikamuuliza, "Uji, mdogo wangu?" Akaitikia. Nikamnywesha kijiko baada ya kijiko, nikajisifu moyoni kwamba sasa ananenepa.

Kisha tukapelekwa kwa Bi Ngoja.

Chumba chake hospitalini kilikuwa zamani stoo ya magodoro, na ukivuta pumzi vizuri utayasikia magodoro hayo bado. Kuna kioo kirefu, meza moja, viti viwili vya watu wazima na vinne vya watoto, mirija ya kunywea kwenye kikombe, na dirisha ambalo halijafunguka tangu lipakwe rangi. Nje ya mlango kuna benchi refu la wanaosubiri. Nilipomwona Bi Ngoja mara ya kwanza, na ule mkoba wake, nilidhani ni mtu wa kuuza vitambaa. Nikajiuliza kimoyomoyo kama ana vifungo.

"Karibu, Fundi," alimwambia mdogo wangu. "Umelalaje leo?"

"Amelala vizuri," akajibu wifi yangu, mke wa huyo fundi. "Usiku aliamka mara moja tu."

"Ngoja, mama. Nimemuuliza yeye."

Wifi akafunga mdomo. Nikaona nafasi imepatikana, nikaingia. "Mguu ndio unamsumbua, daktari, hasa..."

"Na wewe, shangazi, ngoja."

Basi tukangoja. Sijawahi kukaa kimya namna ile hata msibani. Yule mwanamke alimtazama mdogo wangu usoni, ametulia, mikono juu ya meza, kama mtu asiye na kazi nyingine mchana huo. Niliuma ulimi, nikasogeza miguu, nikahesabu mirija. Baadaye nikajua ndiyo kazi yake yenyewe. Anauliza, halafu anakuachia nafasi mpaka nafasi yenyewe ianze kukuuma. Wagonjwa ndio waliompa jina, na yeye analiitikia bila kinyongo.

Akaanza kumuuliza maswali ya ndiyo na hapana. "Wewe ni fundi cherehani?" Kichwa kikaitikia. "Hapa ni hospitali?" Kikaitikia. Wifi akanibinya kwa furaha. "Wewe ni mwanamke?"

Kichwa kikaitikia.

"Una mimba?"

Kikaitikia tena, kwa heshima zote, kama mtu anayekubali kusogea kidogo ili mwenzake akae. Mimi na wifi tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Na mimi ndiye niliyeacha kucheka kwanza, kwa sababu nilikumbuka kichwa hichohicho kilivyojibu swali jingine.

Wiki moja kabla, kijana wake mkubwa, mpwa wangu, alikuja kutoka mji anaofanyia kazi, akapiga magoti mbele yake kwa adabu na kumuuliza, "Baba, tuiuze karakana?" Baba akaitikia kwa kichwa. Mnunuzi alikuwa tayari, yule muuza simu wa mlango wa pili, anayetaka kuvunja ukuta apanue duka. Kilichobaki ni karatasi na dole gumba.

Nikamweleza Bi Ngoja. Akakunja uso.

"Haelewi kitu, basi?" nikauliza.

"Anaelewa mengi, shangazi. Lakini ndiyo na hapana zimechanganyika. Kichwa kinaitikia kabla yeye hajachagua. Msimfunge kwa jibu lolote mpaka tuwe na uhakika kwamba ni lake."

Jioni hiyo nilimpigia mpwa wangu simu arudi, na aliporudi nilimvaa mzimamzima. Ni kijana mzuri, siwezi kumsingizia. Alikuwa amechoka tu na safari za kwenda na kurudi.

"Shangazi, mimi nilimuuliza mbele ya mama. Baba alikubali."

"Sawa. Sasa muulize kama ana mimba."

"Shangazi!"

"Muulize."

Akauliza, sauti imemkauka. Baba yake akaitikia. Mpwa wangu akakaa chini, akashika tama. Mwishowe tukapatana. Karatasi ingengoja. Muuza simu naye alikubali kuvumilia hadi mwisho wa mwaka, siyo zaidi. "Lakini mwaka ukiisha na baba hajaweza kujibu," mpwa wangu alisema, "nitaamua mimi, na mtaniachia." Tulikubali, tungefanyaje?

Kwa hiyo kazi ya Bi Ngoja ilikuwa hiyo. Wagonjwa wengine walitaka kurudi kuimba, kufundisha, kuagiza nyama buchani. Mdogo wangu alihitaji maneno mawili, kabla ya mwaka kuisha, na yawe ya kuaminika. Mimi, kwa siri, nilihitaji moja tu. Nilimjua mdogo wangu. Karakana ile ni roho yake, na siku atakayopata hapana, nilijua ataitumia wapi.

Miezi ikaenda. Bi Ngoja alimpa kadi mbili, ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana; mdogo wangu alizichukua zote mbili akazipanga vizuri, kifundi. Alimkalisha mbele ya kioo akamfundisha kufungua midomo, kuifunga, kutoa sauti. Zilitoka sauti, lakini maneno yalikataa kutoka. Siku nyingine alilia, na Bi Ngoja alingoja hata kilio kiishe, hakumharakisha.

Pale kwenye benchi nilijua mengi kuhusu yule mwanamke. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti anasomea kufundisha watu wazima kusema, wakamuuliza kwani watu wazima walikuwa bado. Mume wake, mwalimu wa hesabu, huja kumchukua jioni, na ndiye aliyeninong'oneza kwamba nyumbani hajawahi kuachiwa amalize sentensi. "Kungoja kote anakumalizia huku," alisema, na mkewe akamkatiza hapohapo.

Na niliona furaha zake. Mgonjwa akifanikiwa jambo, hata dogo, Bi Ngoja hufungua mlango na kuwatangazia wa kwenye benchi. Mtoto wa muuza mboga, aliyefika miaka minne bila neno, aliomba maji: mlango ukafunguliwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipaliwa na kila funda alifundishwa kuinamisha kidevu anapomeza, akamaliza kikombe kizima cha chai bila kukohoa: mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa shule aliyepoteza sauti kwa kupayuka aliirudisha kwa kujifunza kusema taratibu, bila kulazimisha koo. Sisi wa benchi tukapiga makofi kila mara, hata wasiojua ni kwa nini. Lakini kwa mdogo wangu mlango ulibaki umefungwa.

Siku moja Bi Ngoja akasema, "Nimechoka na chumba hiki. Twende kazini kwake."

Tukaenda, wote wanne. Karakana ilikuwa imefungwa tangu alipoanguka. Wifi alipofungua mlango, harufu ya mafuta ya cherehani ilitoka kutupokea. Mashine za wateja zilikuwa zimejipanga na majina yao kwenye vipande vya nguo, kopo la skurubu liko mahali pake, kigoda bado kina bonde la makalio ya mwenyewe. Dirishani ilikaa ile cherehani nyeusi ya mama yetu, ambayo mdogo wangu aliifungua yote akiwa mtoto na akapona kipigo kwa sababu aliifunga tena ikashona vizuri kuliko mwanzo. Alipoiona, uso wake ulibadilika. Alikaa mbele yake bila kusaidiwa.

Bi Ngoja akavuta kiti kando yake. Mashine haikuwa na sindano. Akachukua moja kwenye kikopo, akaipachika, akakaza skurubu, akapitisha uzi anavyojua yeye, na akashika gurudumu alizungushe.

"A-a!"

Mkono wa kushoto wa mdogo wangu ulikuwa umemkamata kifundo cha mkono. Wifi alijiziba mdomo. Mimi, kwa mara ya kwanza mwaka huo, nilikuwa kimya bila kuambiwa.

"Siyo hivi?" Bi Ngoja aliuliza, hakuvuta mkono.

"A-a!"

Akaichomoa sindano, akaigeuza, ule upande bapa wa shina lake ukaangalia unakotakiwa. "Hivi?"

Mdogo wangu alitazama. Tulingoja. Kisha akatoa mguno mfupi, wa kuridhika, "Ee," ule ambao wateja wake wote wanaujua.

Bi Ngoja alitoka nje mbio, hakuna benchi wala mgonjwa, akapiga ukelele barabarani: "Amekataa! Fundi amekataa!" Muuza simu akachomoka dukani kwake akidhani kuna mwizi.

Tulipokuwa tukifunga mlango nilimpa mkono. "Umefanya ujanja mkubwa, mwanangu, kuipachika vibaya makusudi."

"Ujanja gani, shangazi? Mimi nilijua nimeipachika sawasawa."

Kuanzia hapo tiba ilihamia karakana kila wiki. Bi Ngoja alikosea kila kinachoweza kukosewa, mara kwa kukusudia, mara kwa kipaji chake mwenyewe. Alipachika bobini ya uzi kichwachini, akavusha mkanda upande usio wake, akaita koleo bisibisi. Mdogo wangu alikataa na kukataa, na ile a-a ikaanza kuumbika, ikawa "hana," ikawa "hapana." Ile "ndiyo" ilichelewa zaidi, ilikuja nzito, vipande viwili, kama mtu anapanda ngazi. Bi Ngoja hakuridhika. Kila swali alilipindua akaliuliza tena kwa upande wa pili, na katikati akachomeka la mimba, kuhakikisha.

Wiki chache kabla ya mwaka kuisha, tulikusanyika karakana: mpwa wangu, wifi, muuza simu, Bi Ngoja na mimi. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda chake, amenyoa, shati safi.

"Hakuna atakayesema," Bi Ngoja alituambia. "Hakuna atakayetikisa kichwa. Na uso wako pia, shangazi, ungoje."

Akaanza mbali. "Wewe ni mwanamke?"

"Hapana."

"Una mimba?"

Mdogo wangu alinitupia jicho, maana alijua mimba hiyo ilitoka kwa nani ikazunguka ukoo mzima. "Hapana." Hata muuza simu alicheka.

Bi Ngoja akainua koleo. "Hiki ni kijiko?" "Hapana." "Ni koleo?" "Ndi-yo."

Kisha akaiweka chini, akatuliza mikono. "Fundi, unataka kuiuza karakana hii?"

Mtaani kuna mtu alikuwa akishona, nikasikia mashine yake ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Mpwa wangu alitazama sakafu. Mimi nilikuwa nimekaza meno, neno lenyewe liko ulimini mwangu, limeiva, nikitamani kumkopesha.

"Ndi-yo," mdogo wangu alisema.

"Hajaelewa!" niliruka.

"Ngoja, shangazi." Bi Ngoja hakunitazama. "Fundi, unataka karakana ibaki yako?"

"Hapana."

"Unataka kurudi kufanya kazi hapa?"

Alichukua mkono wake uliolala kwa ule ulio hai, akauinua kidogo, akauachia ukaanguka pajani. "Hapana."

Hapakuwa na la kubishia. Mpwa wangu alikuwa analia waziwazi, na siyo kwa sababu ameshinda. Muuza simu, kwa furaha yake na bila ubaya wowote, akatembeza macho chumbani, akaiwekea kiganja ile cherehani ya dirishani. "Basi na hizi mashine zake zote..."

"Hapana!" Sauti ilijaa karakana. Sikujua bado anayo sauti ya ukubwa ule. "Yangu!"

Neno hilo hakuna aliyekuwa amemfundisha. Bi Ngoja akageukia ukutani, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Niliondoka bila kuaga vizuri. Bi Ngoja alinifuata hadi kwenye kona, mkoba ukimgonga magotini.

"Umekasirika, shangazi."

"Mwaka mzima tumemtafutia hapana, akaja kusema ndiyo!"

"Tulimtafutia zote mbili." Alinyamaza, na safari hii hakuwa ananingoja mimi. "Hata mimi nilitaka akatae. Sikumwambia mtu. Kazi kubwa ya leo ilikuwa kuzuia uso wangu usimwambie."

Nilimshika mkono tukasimama pale, watu wakitupita.

Asubuhi iliyofuata nilivuka barabara na bakuli langu kama kawaida. Cherehani ya mama ilikuwa imeshafika, imewekwa kando ya dirisha la sebuleni, na mdogo wangu amekaa mbele yake na kitambaa cha kufutia vumbi. Nilichota uji, kijiko hewani.

"Uji, mdogo wangu?"

Nilikuwa nimeshazoea kungoja, nikangoja.

"Hapana."

"Hutaki leo?"

Alifikiri. Alipambana na neno, midomo ikalitafuta, mishipa ya shingo ikasimama. "Ka-bisa," alisema.

Kutoka jikoni nilimsikia wifi akiangua kicheko. "Tangu anioe hajawahi kunywa uji, wifi. Hata harufu yake haipendi."

"Na mwaka mzima hukuniambia?"

"Wewe mtu anakuambia saa ngapi?"

Nilikaa chini na bakuli pajani, nikaanza kuunywa mwenyewe, na sukari yake imezidi. Lile nililotaka kumuuliza lilikuwa linanitisha, lakini nililiuliza.

"Karakana, mdogo wangu. Moyo wako umeridhika kuiuza?"

Nikangoja. Wifi alifunika sufuria, akaifunua. Mtoto alipita nje akivuta kopo kwa kamba.

"Ndi-yo," alisema, akageuka kunitazama. "Ndi-yo, Dada."

Alikuwa hajaniita hivyo tangu aanguke. Na nilimwamini, namshukuru Mungu na namshukuru yule mwanamke mfupi, kwa sababu mtu aliyetoka kuukataa uji wangu mbele ya macho yangu hakuwa ananipa ndiyo ya kunifurahisha.

Nikachukua simu nikampigia Bi Ngoja kazini. "Amekataa uji," nilimwambia.

Hakuuliza uji gani. Nilisikia kiti kikisogezwa, mlango wa ile stoo ukifunguliwa, na sauti yake ikiwaambia wa kwenye benchi. Kisha makofi, ya watu nisiowajua, na mengine mepesi ya watoto. Nikainuka nikamwekea mdogo wangu simu sikioni, ayasikie mpaka yaishe.